Nyuma ya Kioo

Nikiulizwa mkutano wa kimataifa wa zamani kabisa ninaoujua hapa Mwanza, nitautaja ule wa Agosti 1858. Haukuwa na ukumbi wala meza. Mgeni alikuwa John Hanning Speke, Mwingereza aliyetoka Kazeh, Tabora ya leo, alikomwacha mwenzake Richard Burton. Wenyeji walikuwa mtemi Mahaya na Mwarabu mmoja aliyeitwa Mansur. Ajenda ilikuwa moja tu: ziwa hili linaishia wapi?

Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Aliuliza kwa Kihindustani. Aliyelipokea swali ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa utotoni, akauzwa utumwani, akapelekwa India, kisha akarudi pwani akiwa huru na lugha hiyo kinywani. Bombay akaligeuza swali kuwa Kiswahili, na mwingine aliyejua lugha ya huku bara akalisogeza mbele tena. Jibu likarudi kwa njia hiyohiyo. Speke anasimulia kwamba msafiri mmoja wa hapa, aliyesifika kwa kutembea sana, aligeuka kaskazini, akatikisa kichwa, akawa anarusha mkono wa kulia mbele huku akialisha vidole, mara nyingi, kuonyesha kitu kisichopimika. Kisha akasema hakuna ajuaye, ila yeye anadhani maji hayo yanafika mwisho wa dunia.

Burton alipoletewa jibu hilo alilidhihaki. Yeye alikijua Kiarabu, na Kiswahili alikuwa amejifunza. Aliandika baadaye kwamba huenda Bombay hakukielewa vizuri Kihindustani kibovu cha bwana wake, akakosea kukigeuza kuwa Kiswahili, na aliyemsikia naye akakipitisha kwa mwingine kwa lugha nyingine. Katika safari ndefu kama hiyo, maneno hayakosi kupata ajali. Wawili hao walizozana kama ziwa hili ndilo chanzo cha Nile au la, mpaka Septemba 1864, Speke alipokufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe, siku moja kabla ya mdahalo wao kule Bath, Uingereza. Wanajiografia wanauita ugomvi wa chanzo cha Nile. Mimi kila nikiusoma naona ni ugomvi juu ya mkalimani. Na ziwa, lilipokuja kupimwa, lilikutwa na kilomita za mraba zipatazo 68,000. Vile vidole vilivyoalishwa vilifika salama.

Siku hizi mlolongo wa namna ile una jina lake, ukalimani wa kupokezana, na unafanyika kila wiki katika kumbi kubwa za dunia, nyuma ya kioo. Ni ufundi ninaoupenda kuutazama, ingawa hakuna ufundi uliotengenezwa kwa makusudi usitazamwe kama huu.

Huku kwetu ufundi wenyewe watu wengi hukutana nao kwanza juani. Nenda viwanja vya Furahisha, Kirumba, siku ya mkutano wa injili wenye mhubiri mgeni. Jukwaani husimama watu wawili. Mhubiri anasema sentensi moja, mkalimani anaipokea. Mhubiri akipaza, naye anapaza. Akishusha mkono, naye anashusha. Akitembea kwenda pembeni mwa jukwaa, mwenzake yuko nyuma yake hatua mbili. Wapo wakalimani wa viwanjani ambao umati huwaita kwa majina kuliko unavyomjua mhubiri, na nasikia wapo wahubiri ambao hawakubali kupanda bila mtu wao. Ukimsikiliza mzuri kwa makini unagundua jambo: sentensi yake hufika muda uleule mhubiri anapovuta pumzi ya sentensi inayofuata. Hamwingilii wala hamwachi. Pengo kati yao halipo, na umati unasahau kwamba wapo wawili.

Shida ni kwamba namna hii hula muda maradufu. Mahubiri ya saa moja yanakuwa ya saa mbili. Kwa injili si neno, watu wamekuja kukaa. Kwa mkutano wa mawaziri wenye lugha nne, hesabu hiyo haitoki. Ndiyo maana pakatafutwa njia ya kusema na kusikia kwa pamoja. Ilikuwa imejaribiwa Geneva miaka ya 1920, lakini dunia iliijua kweli Nuremberg, kuanzia Novemba 1945, viongozi wa Wanazi waliposhtakiwa kwa Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kijerumani, papo kwa papo, kwa mitambo iliyotolewa na IBM. Mbele ya msemaji waliweka taa mbili. Ya njano ikiwaka, punguza mwendo. Nyekundu ikiwaka, simama. Kwa hiyo mkalimani, mtu asiyekuwa na kesi wala cheo mahakamani, alikuwa na uwezo wa kumsimamisha jaji. Nazitamani taa zile zirudi.

Hapa Tanzania, mahali ambapo ufundi huu umefanya kazi nzito kuliko kwingine ni Arusha, katika jengo la AICC. Mabawa yake matatu yanaitwa Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Lilijengwa liwe makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, nalo likabaki na ofisi nyingi kuliko wenyewe. Mwaka uliofuata serikali ikaligeuza kuwa kituo cha mikutano ya kimataifa. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya umoja wa nchi tatu ikawa nyumba ya kusuluhishia ugomvi wa wengine, na Arusha ikazoea wageni wanaokuja kuzungumza.

Mwanza tulikuwa na sehemu yetu katika hilo. Mwalimu Nyerere alipopewa kazi ya kuwapatanisha Warundi, mazungumzo ya awali aliyaita hapa, Aprili na Juni 1996, akiwakutanisha watu wa vyama vya UPRONA na FRODEBU. Mwezi Julai mapinduzi yakatokea Bujumbura. Mazungumzo yalipoanza upya Juni 1998 yalifanyika Arusha, na yakaendelea huko baada ya Mwalimu kufariki Oktoba 1999, Nelson Mandela akiyapokea, hadi mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Kati ya Nyerere mwenye Kiswahili na Kiingereza, Mandela mwenye Kiingereza, na Warundi wenye Kirundi na Kifaransa, unaweza kujiuliza ni nani aliyesema maneno mengi zaidi katika miaka ile. Jibu halimo katika picha yoyote ya kutia saini.

Watu wakiingia ukumbi mkubwa wa mikutano huangalia dari, viti, bendera. Mimi ningemwambia mgeni ageuke aangalie nyuma, juu, palipo na vyumba vidogo vyenye kioo mbele. Kibanda cha wakalimani wawili, kwa viwango vya kimataifa vya kibanda cha kudumu, hakipungui mita mbili na nusu kwa upana. Ndani mna viti viwili visivyolia, meza iliyofunikwa kitu laini ili karatasi isitoe sauti, taa ndogo, maji yasiyo baridi, penseli. Kalamu za kubonyeza hazitakiwi, wala bangili. Kuna kitufe cha kukata sauti kwa sekunde moja ili mtu akohoe. Watu wa kazi hii wanakipenda kitufe hicho kuliko mtambo wote uliobaki.

Wanakaa wawili kwa sababu mmoja hatoshi. Anayesema husema kama nusu saa hivi, kisha mwenzake anapokea, wakati mwingine katikati ya aya, kwa ishara ya kidole tu. Aliyepumzika hapumziki. Mikononi ana penseli, na kila tarakimu ikitajwa anaiandika na kumsogezea mwenzake, kwa kuwa tarakimu haina maana ya kushikia. Sentensi ukiisahau neno moja utaijenga upya kwa akili. Shilingi bilioni 417 ukiisahau imekwenda. Anaandika pia majina ya watu, vifupisho vya mashirika na namba za vifungu. Nimewahi kuona karatasi moja kama hiyo baada ya kikao: tarakimu, mishale, nusu ya jina la mtu, herufi tatu zimezungushiwa duara. Asiyekuwepo hawezi kuisoma, na saa moja baadaye hata aliyeiandika hawezi.

Siri ya kazi iko katika umbali. Mkalimani wa papo kwa papo hasemi anachokisikia sasa. Anasema alichokisikia muda mfupi uliopita, huku akisikia kinachofuata. Umbali huo kati ya sikio na mdomo ndio ustadi wenyewe. Ukiwa mfupi mno, unashika maneno kabla hujajua yanakokwenda, na utalazimika kujirekebisha mbele ya watu. Ukiwa mrefu mno, kichwa kinajaa kama debe chini ya bomba lililoachwa wazi, na cha kwanza kumwagika ni kile ulichokiweka mwanzo. Mzuri huurefusha na kuufupisha kila sentensi. Msemaji akianza shukrani kwa waheshimiwa, anakaa karibu naye. Akiingia kwenye hoja, anarudi nyuma na kungoja.

Kungoja huko kwa Kiswahili kuna ugumu wake. Mwingereza hupenda kutanguliza sifa tatu nne kabla ya kutaja kitu chenyewe. Kwetu kitu hutajwa kwanza, na sifa zote hufuata zikivaa ngeli yake. Kwa hiyo aliye kibandani anasikia kikubwa, cha kihistoria, chenye nguvu ya kisheria, na bado hawezi kufungua mdomo, maana hajui kama ni mkataba, azimio au makubaliano, na kila kimoja kina kiambishi chake. Anazishika sifa zote hewani. Jina likitua, anaziteremsha kwa mpangilio uliogeuzwa, na msemaji tayari yuko kwenye sentensi nyingine. Kwa upande wa pili, anayetoa Kiswahili kukipeleka Kiingereza hutegewa na mkia wa kitenzi. Hatutasahau na hatutasahaulika zinakwenda pamoja silabi kwa silabi mpaka mwisho, kisha zinaachana kabisa. Mwenye haraka amekwisha toa ahadi, kumbe mzee alikuwa anajisifu.

Yapo madogo yanayochosha. Katibu anasema kikao kitaanza saa tatu. Kwa Kiingereza lazima itoke tisa, na kichwa hakina muda wa kuhesabu. Mjumbe anamnukuu mwenzake asiyemtaja, na Kiswahili chetu hakisemi kama ni mwanamume au mwanamke, ilhali Kifaransa na Kiingereza vinataka kujua sasa hivi. Halafu kuna utani. Msukuma akimtania mtani wake jukwaani, nusu ya ukumbi inaanguka kwa kicheko na nusu nyingine inageuka kuangalia kioo. Wakalimani wana kisa wanachopeana katika nchi nyingi, cha mwenzao aliyeshindwa akawaambia wasikilizaji wake: msemaji ametoa mzaha usiogeuzika, tafadhalini chekeni. Wakacheka. Msemaji akafurahi sana.

Adui mkubwa, lakini, ni hotuba iliyoandikwa. Anayefikiri huku akisema hutoa pumzi, hurudia, hutafuta neno, na mkalimani anatembea naye. Kwa Kiingereza wanasema maneno 100 hadi 120 kwa dakika ni mwendo mzuri. Anayesoma karatasi huupita bila kujua, hasa akiambiwa dakika zake zimebaki tatu. Karatasi yenyewe ingefika kibandani mapema, si kitu. Inafika msemaji akiwa anapanda ngazi, au haifiki. Sijui kwa nini waandaaji wanaokumbuka kununua maua husahau kutoa nakala mbili.

Mahali ambapo nimesoma juu ya ufundi huu kwa hofu kidogo ni katika kumbukumbu za Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda. Baraza la Usalama liliiunda Novemba 1994, likaipa Arusha kuwa makao Februari 1995, nayo ikafanya kesi zake katika jengo lile la AICC mpaka ilipofungwa mwisho wa 2015. Majaji walitumia Kiingereza na Kifaransa. Mashahidi wengi walijua Kinyarwanda tu. Katika miaka ya mwanzo swali la wakili Mwingereza lilikwenda Kifaransa, kisha Kinyarwanda, na jibu likarudi kwa ngazi hizohizo, kama lile la Mahaya na Speke. Hukumu ya Jean-Paul Akayesu ya tarehe 2 Septemba 1998, ya kwanza duniani ambamo mahakama ya kimataifa ilimtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, ina sehemu nzima juu ya ugumu wa kutoa ushahidi katika Kinyarwanda na kuufikisha katika lugha za majaji. Aliitwa hata mtaalamu wa lugha. Majaji walikiri kwamba walichokisikia kilipita mikononi mwa watu, na wakataka hilo liandikwe. Burton angekuwa na cha kusoma.

Kuna kanuni ya kazi ambayo mtu wa nje huiona ndogo: mkalimani husema mimi. Hasemi shahidi anasema aliona. Anasema niliona. Mama anaeleza alivyobakwa mbele ya ofisi ya serikali, na nyuma ya kioo mtu mwingine, labda mwanamume, labda aliyetoka Rwanda yeye mwenyewe na ana wafu wake, anasema nilibakwa, kwa sauti ya kawaida, na kwa wakati. Mchana mshtakiwa anasema sikuhusika, na mtu yuleyule anasema sikuhusika. Haruhusiwi kuipa sentensi ya kwanza uzito kuliko ya pili. Sijui ufundi mwingine unaomdai mtu hivyo. Fundi seremala akichukia meza anaweza kuiacha.

Kiswahili chenyewe kilichelewa kuingia kibandani. Julai 2004, katika mkutano wa wakuu wa Umoja wa Afrika kule Addis Ababa, Joaquim Chissano wa Msumbiji, akimaliza zamu yake ya uenyekiti, aliamua kuwaaga wenzake kwa Kiswahili. Ukumbi ukababaika. Mtu ambaye lugha yake ya kazi ni Kireno alitumia Kiswahili barani Afrika, na mitambo ikawa haina wa kukipokea. Nampenda Chissano kwa hila ile; alijua hotuba ikieleweka vizuri isingekumbukwa. SADC walikipokea Kiswahili rasmi Agosti 2019, wakikutana Dar es Salaam. Umoja wa Afrika wakakifanya lugha rasmi ya kazi Februari 2022. Maazimio yameshapita, sasa vinatakiwa vichwa vya kukaa nyuma ya kioo, na vichwa hivyo havitengenezwi kwa azimio. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha ukalimani. Wanafunzi wa kazi hii mara nyingi hupewa zoezi moja la kuchosha: kusikiliza redio na kurudia kila kitu kwa lugha ileile, sekunde chache nyuma, huku mkono ukiandika namba kwa mpangilio wa kurudi nyuma. Jaribu jioni moja kwa taarifa ya habari ya saa mbili. Dakika ya pili utajikuta umenyamaza, unasikiliza kama raia.

Nina wivu wangu wa Mwanza katika hili. Mji huu una masikio. Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi, penye dagaa waliotoka Ukerewe na visiwani, wakisubiri wanunuzi wa Burundi, Rwanda na Kongo. Bei inatamkwa kwa Kiswahili cha Goma, inajibiwa kwa cha Mwanza chenye Kisukuma ndani, na pembeni yupo kijana anayemnong'oneza tajiri wake kwa Kirundi, mdomo ukiwa karibu na sikio, bila kumkatiza mtu. Wataalamu wanaiita namna hiyo ukalimani wa mnong'ono, nayo hulipiwa vizuri. Kijana wa Mwaloni anaifanya kwa asilimia ya gunia. Akichukuliwa yeye na yule wa Furahisha, wakafundishwa msamiati wa mikataba na adabu ya kusema mimi, nadhani mwalimu angekuwa na kazi ndogo kuliko anavyofikiri.

Mikutano nayo inasogea huku. Kisumu, ng'ambo ya ziwa, walipokea mkutano wa miji ya Afrika, Africities, Mei 2022, na hapa kumbi za hoteli za pwani ya ziwa hazikosi warsha ya nchi jirani juu ya samaki, magugumaji au usalama wa vyombo. Vibanda vya kudumu hazina. Mafundi huleta vya kuunganisha, paneli kwa paneli, usiku wa kuamkia mkutano, wakijaribu kila kisikilizio kimoja kimoja. Ni watu makini. Tatizo hukutwa limekwisha fanyika kabla yao: jukwaa limepangwa upande wa mandhari ya ziwa, nguzo iko katikati, na nafasi pekee iliyoachwa kwa kibanda ni kona ya nyuma, karibu na mlango wa jikoni. Katika ukumbi mmoja wa namna hiyo, ambao sitautaja, wakalimani walifanya kazi siku nzima bila kuuona uso wa msemaji, sahani zikigongana mgongoni. Mdomo wa msemaji ni nusu ya habari: hapo ndipo unapoona kama sentensi imekwisha au anameza mate. Atakayejenga ukumbi ujao Mwanza, na nasikia mipango haikosi, angemkalisha kwanza mkalimani kwenye kiti mahali patakapokuwa kibanda, amuulize anaona nini, kisha ndipo amwage zege la nguzo.